Kupeleka Posa Kwenye Vita

Tangu nirudi sijamaliza kikombe cha chai kwa utulivu. Nikikaa tu kijiweni Pasiansi, hapa Mwanza, mtu anavuta kiti: "Mzee Shija, hebu tuambie, ilikuwaje huko?" Nimesimulia mpaka kila msikilizaji amejitengenezea safari yake. Kuna mmoja wa Kirumba anatangaza kwamba nilipigwa risasi ya mguu, na nikipita ananipisha njia kwa huruma. Kwa hiyo naandika mara moja, yaishe. Habari za tiketi, vibali na mihuri naziruka; kila mtu ameshapanga foleni, anajua zinavyochosha.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni dalali wa ng'ombe kwenye minada ya Misungwi na Magu, na nisipokuwa mnadani ni mshenga. Kazi ni ileile, tofauti ni kwamba ushenga unavaliwa koti. Masanja, mtoto wa jirani yangu, fundi wa injini za boti, alimpenda Riziki, binti wa Kikongo anayeshona nguo mjini. Wazazi wa Riziki walikufa akiwa mdogo, akaletwa Mwanza na shangazi yake, mama mmoja mwenye kibanda cha vitenge karibu na soko kuu. Nilimwendea Shangazi nikidhani tutamalizana pale pale kibandani, kati ya kitenge na kitenge. Akanikatisha.

"Papa Shija, mahari ya huyu mtoto sipokei mimi. Anapokea Bibi yake, mama yangu, na Bibi yuko ng'ambo ya Tanganyika. Na hapokei kitu mpaka kaka wawili wa Riziki wakule sahani moja mbele ya mshenga. Njo desturi ya nyumba yetu."

"Basi waitwe wale."

Akakunja kitenge alichokuwa ameshika, akakikunjua, akakikunja tena. "Bahati yuko na waasi. Amisi yuko na vijana wanaosaidia jeshi la serikali. Wako mlima mmoja, kila mtu upande wake."

Nikamuuliza Riziki mwenyewe kama hawezi kuolewa tu kwa baraka za shangazi, mambo mengine yafuate. Akaniamkia kwanza, "Shikamoo mzee," ndipo akanijibu: "Mimi si mtu wa kuokotwa. Nina watu. Nikiolewa bila wao, siku Masanja akinikasirikia ataniambia sina kwetu." Akarudi kwenye cherehani yake. Nikaona huyu binti angenishinda mnadani.

Wiki ileile redio ikasema wakubwa wamekaa hotelini katika nchi ya mbali na wamekubaliana kusitisha mapigano. Bibi akatuma ujumbe kwa simu ya jirani yake: njooni sasa, kabla hawajaharibu.

Nyegezi mpaka darajani

Kondakta wa basi letu pale stendi ya Nyegezi alisema "tunaondoka sasa hivi" mara nyingi kiasi kwamba mama mmoja wa siti ya nyuma akaanza kuitikia "amina". Nilikuwa na begi moja. Shangazi alikuwa na mizigo mitano, na mimi nikaihesabu mara mbili, maana ng'ombe aliyehesabiwa mara moja kwangu ni tetesi tu.

"Na mimi umenihesabu?" akauliza.

"Wewe huwezi kupotea, unasikika."

Tulipofika Kigongo nikamwambia afungue pazia aone. Ninyi mnakumbuka kivuko: foleni, jua, samaki wa kukaanga, na nusu ya siku imekwenda. Safari hii basi lilipanda daraja la Busisi, na nilikuwa sijamaliza kumenya yai langu tukawa tumeshatua upande wa Sengerema, ziwa liko nyuma yetu. Nikajikuta nimetanua kifua kama kwamba ile zege niliikoroga mimi.

Shangazi aliangalia maji mpaka yakaisha. "Kwetu daraja likijengwa," akasema, "swali la kwanza ni nani atalilipua."

Yai nikalirudisha kwenye mfuko.

Geita, Nyakanazi na tairi

Pale Geita akapanda bwana mmoja mwenye kofia ya majani, akakaa jirani yetu. Aliposikia tunakwenda Kongo akasogea karibu sana.

"Mzee, dhahabu?"

"Posa."

Akacheka, akanikonyeza. Kila nilivyokana ndivyo alivyozidi kuamini kwamba mimi ni mtu mkubwa kwenye biashara hiyo. Mpaka Nyakanazi alikuwa ameshaninunulia mahindi ya kuchoma na soda mbili, ili nimkumbuke. Nimemkumbuka, ndiyo huyu hapa.

Mbele ya Kibondo tairi likapasuka, na jeki ya basi ikawa imeazimwa na basi jingine ambalo lilikuwa limeshafika Kigoma. Tukakaa kando ya barabara, abiria wote, tukila ndizi za kukaanga za mama mmoja aliyetokea porini na beseni kichwani kama aliyekuwa amepewa taarifa. Hapo ndipo yule bwana wa kofia aliponiuliza swali la maana kwa mara ya kwanza: hivyo vita vitasimama kweli?

Nikamjibu kwa ninachokijua. Mnadani, ukiona watu wawili wanagombea ng'ombe mmoja na bei inapanda kupita akili, usiwatazame wao. Tazama nyuma yao. Kuna mtu amesimama, hana fimbo wala kamba, anamnong'oneza huyu: "Panda, nitakuongezea." Na nyuma ya yule yupo mwingine. Hao hawaendi nyumbani na ng'ombe wala hawapigwi teke. Vita vile vina majirani nyuma, na nyuma ya majirani kuna mataifa ya mbali yenye macho kwenye madini. Waliosaini hotelini ni walioshika kamba. Wanaonong'ona walikuwa wanakunywa kahawa chumba cha pili.

"Kwa hiyo havisimami?"

"Sijasema hivyo. Ninachosema ni kwamba bei bado haijatulia."

Shangazi akatikisa kichwa. "Nyinyi wanaume mukipata barabara mbovu munakuwa mawaziri."

Kigoma, kusubiri saruji

Kigoma tulikwama. Boti zilikuwepo, mizigo ilikuwepo, ila manahodha walikuwa hawavuki. Walikuwa wanasubiri kuona kama makubaliano ya redio yana miguu.

Nilikula vizuri, lazima niseme, ingawa kwa matusi. Mama ntilie wa karibu na mwalo, pale boti zinapotia nanga, aliposikia natoka Mwanza alinipakulia dagaa wa kwao, akasimama pembeni mikono kiunoni.

"Haya, kula dagaa, baba. Wale wa kwenu si tunawapa kuku?"

"Na kuku wenu wananenepa kuliko wateja wako," nikamwambia. Akacheka mpaka akaniongezea mchuzi. Lakini, na hili lisitoke Pasiansi, dagaa wale walikuwa watamu.

Ni mama huyohuyo aliyenifundisha kusoma vita vya ng'ambo. Alisema redio haina kazi. Tazama wanachopakia wafanyabiashara wa kule. Wakipakia maturubai na unga, ujue wanategemea kukimbia. Wakipakia saruji na misumari, wanategemea kukaa, maana hakuna anayekimbia na mfuko wa saruji.

Kuanzia hapo kila asubuhi nikawa naamkia mwaloni kuangalia mizigo. Turubai. Unga. Turubai. Shangazi akaacha kula. Simu ya jirani wa Bibi ilikuwa haipatikani, na hakuna aliyejua kama Bahati na Amisi wameruhusiwa kushuka mlimani, au kama wanataka.

Halafu asubuhi moja nikaona mtu anapakia saruji. Si nyingi, na nusu ya boti bado ilikuwa unga. Niliihesabu mifuko, nikarudia, nikamfuata Shangazi nikamwambia avae viatu.

Nahodha akataja nauli ya vita. Nikampa nauli ya amani. Tukakutana katikati, mahali ambapo hata wale wa hotelini walisema wamefika.

Ng'ambo

Ziwa Tanganyika si Victoria. Letu unaliona, lina visiwa, lina mawe, unapiga nalo stori. Lile limenyamaza tu, lina kina, na milima ya Kongo imelisimamia kama watu wanaosikiliza kesi. Nilikaa juu ya saruji kwa sababu niliiamini. Abiria karibu wote walikuwa wanarudi makwao kuangalia kama kuna kilichobaki. Mzee mmoja alikuwa amepakata mlango mpya wa mbao safari nzima. Nikamuuliza kama nyumba ipo. Akasema hajui, lakini kama ipo itakuwa haina mlango.

Kijiji cha Bibi sitakitaja. Kiko juu kidogo ya ufukwe, na wakati ule hakikuwa cha upande wowote. Waasi juu, vijana wa serikali upande wa mto. Bibi alitupokea mlangoni, mfupi, amejifunga vitenge viwili, na aliponitazama nilihisi napimwa meno.

"Shikamoo, Bibi," nikasema. Nina wajukuu, lakini pale nilikuwa mtoto.

"Marahaba. Ni huyu ndiye anakuja kuniombea mutoto? Amekonda. Iko wote hivi huko?"

"Waliobaki wamenona, Bibi. Wametuma anayepita mlangoni."

Hakucheka. Akaniambia wajukuu wake wameahidi kuja kesho mchana, na kwamba kila mmoja ataacha bunduki kwenye nyumba tofauti: mmoja kwa katekista, mwingine kwa fundi seremala. "Nimewaambia," akasema, "mwenye kuingia na chuma kwangu, nitavua nguo mbele yake." Kwa wasiojua, huo si mzaha. Hata jenerali hakai mbele ya laana ya namna hiyo.

Sahani

Walikuja. Bahati, mkubwa, mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Amisi ana sura ya Riziki kabisa, mpaka nikataka kumwambia anipunguzie suruali urefu. Mmoja alipitia mbele, mwingine nyuma. Wakakaa mkekani, katikati yao mahali pa mtu, na mahali hapo nikawekwa mimi. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Shangazi alikaa pembeni ya ukuta, kitenge mdomoni.

Bibi akaleta sahani moja kubwa: ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, iliyojaa mawese, na samaki mzima, mgebuka. Akanawisha mikono, Bahati, mimi, Amisi. Kisha akakaa chini akasubiri.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Bahati alitazama mlango. Amisi alitazama dirisha. Ugali ukaanza kupoa, na ugali wa muhogo ukipoa unaweza kujengea.

Sasa nielezeni mngefanya nini. Mimi nina kanuni ya kazi ambayo sijawahi kuivunja: mshenga hali chakula cha upande wa binti kabla ya makubaliano. Ukila umeshukuru, na ukishukuru huwezi tena kupunguza ng'ombe. Mwanza nzima inalijua hilo, hata watoto; wenye nyumba wanakuwekea chakula kwa heshima, wewe unakiacha kwa heshima, mnaendelea. Nikainua mikono yangu iliyonawa, nikaiweka magotini.

"Mimi bado," nikasema. "Nyie kuleni tu."

Nikaona Shangazi anafumba macho.

"Anafikiri tumetia sumu," akasema Amisi.

"Anatudharau," akasema Bahati, wakati uleule, sauti zikapandana.

"Wanangu, si hivyo, ni kanuni tu ya..."

"Kanuni gani? Mutu anatoka kwao kwenye amani, anakuja kukataa ugali wa Bibi yetu?"

"Hivi vita ndiyo vinafanya watu watuone kama wachawi!"

"Mwambie, Amisi!"

"Si ninamwambia!"

Nimewahi kuzomewa mnadani na watu wengi. Kuzomewa na askari wawili wa majeshi mawili, mmoja kila sikio, ilikuwa mara ya kwanza. Bahati akanyoosha mkono, akamega tonge, akalichovya kwenye sombe, akalionyesha puani kwangu. "Tazama, mzee. Sumu iko wapi?" Akala. Amisi akamega upande wake, akang'oa na nyama ya samaki, akala huku amenikazia macho. "Tazama vizuri." Bahati akamega tena. Amisi akamsogezea mgebuka, kwa hasira, ili afikie sehemu yenye nyama, aendelee kunithibitishia.

Bibi ndiye aliyeanza. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kitenge usoni, mabega yanatetemeka. "Tangu hii vita ianze," akasema, "ni neno la kwanza wamesema kwa mdomo mumoja. Kwamba Mtanzania hana adabu."

Wale vijana wakaangalia mikono yao. Ilikuwa kwenye sahani moja, yote miwili, ina mawese mpaka kifundo. Hakuna aliyeitoa. Bahati akasema polepole, bila kumtazama mdogo wake, "Umekonda, wewe." Na Amisi akasema, "Hamtupi muda wa kula." Wakaendelea kula.

Mimi nikavunja kanuni yangu ya miaka yote, nikamega. Sombe ile, jamani.

Bei

Baada ya hapo nilipigwa, na naliandika kwa fahari. Babake Masanja alinituma na idhini ya ng'ombe wanane. Bibi akataja kumi na watano. Nikaanza kazi yangu: nikasifu familia, nikataja ukame, nikataja bei ya mnadani, nikamshusha mpaka tisa. Hapo Amisi akainama sikioni kwa Bahati. Bahati akatikisa kichwa, akamnong'oneza Bibi. Bibi akarudi kumi na watatu. Kila nikimshusha walikuwa wananong'onezana, watu ambao wiki iliyopita walikuwa wanatafutana kwa darubini. Ningeweza kuwavunja. Nimevunja ukoo mzima kule Magu kwa kumsifu mdogo mbele ya mkubwa; ni njia nyepesi na inafanya kazi kila siku. Nikawatazama vile vichwa viwili vilivyokaribiana, nikaamua kuwa bubu. Tukafunga kwa kumi na mmoja.

Babake Masanja mpaka leo ananisalimia kwa kidevu tu.

Likabaki swali la ng'ombe waende wapi. Wakifika pale, alisema Bahati, watakuwa mishikaki kabla ya jioni, awe kamanda wake au wa Amisi. Wakaanza kuulizana kamanda wa nani angeanza, na sauti zikaanza kupanda. Nikaingilia haraka.

"Ng'ombe watabaki kwangu Misungwi, na alama yenu. Hagawanywi hata mmoja. Hatoki hata mmoja mpaka ninyi wawili mje pamoja, kwa miguu yenu, mikono mitupu, msimame zizini kwangu. Akija mmoja peke yake, nitampa chai."

"Na watoto wao?" akauliza Bibi. Mwanamke yule alipaswa kuwa mnadani.

"Na watoto wao."

Akatema mate kidogo kwenye viganja vyake, akanishika mikono. Riziki alikuwa ameshaposwa.

Redio

Jua lilipoanza kuinama, redio ya katekista ikasema makubaliano yamevunjwa. Kila upande ukasema ni upande mwingine. Nchi moja ikasikitika, nyingine ikalaani, ya tatu ikazitaka pande zote zijizuie. Bahati na Amisi walisikiliza wamesimama uani. Nikawa nahesabu nyumba kutoka hapo mpaka kwa katekista, na kutoka hapo mpaka kwa seremala.

Amisi ndiye aliyesogea kwanza. Alinyoosha simu yake. "Mzee, nipe namba yako. Nitataka kujua hao ng'ombe wanakula nini." Bahati naye akanipa yake. Nikaandika zote mbili mbele yao, nikawasomea kwa sauti, kila mmoja akasikia ya mwenzake. Halafu wakamwinamia Bibi, wakaondoka, mmoja njia ya mlima, mwingine ya mto. Bibi alisimama mpaka wote wawili wakapotea. "Waende," akasema. "Wamekula."

Tulimwomba avuke nasi. Akatuuliza nani atapika wakirudi.

Nyumbani

Njia ya kurudi ilikuwa fupi kama zinavyokuwa njia za kurudi, ila boti ilijaa watu na ilikuwa imekalia maji sana. Yule mzee wa mlango sikumwona, na nimechagua kuamini kwamba aliufunga mahali.

Riziki alitupokea Nyegezi. Hakuuliza ng'ombe wangapi. Aliuliza, "Walikula wote wawili?" Shangazi akamwambia walikula mpaka wakalamba sahani, na kwamba Papa Shija alitukanwa kwa ajili yake. Binti alikaa chini palepale kwenye mizigo, katikati ya wapiga debe, akalia kwa raha zake. Harusi imepita, mlikuwepo, mlikula.

Mnaoniuliza kuhusu vita, sina la zaidi. Redio imetangaza kusitishwa tena, ikatangaza kuvunjwa tena. Wanaonong'ona bado wanakunywa kahawa. Mimi najua makubaliano mamoja tu ambayo hayajavunjwa, yako Misungwi, yanakula majani.

Wiki iliyopita mmoja wa wale ng'ombe alizaa jike, jekundu, lina doa jeupe kifuani. Nikawapelekea picha wote wawili. Jana Bahati akanipigia, sauti ya upepo wa mlimani nyuma yake: ndama ataitwa kwa jina la mama yao marehemu, na Amisi asije akasema vingine.

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikakata.

Nikanywa chai kidogo, nikampigia Amisi. Namba ilikuwa inatumika. Nikampigia Bahati. Inatumika. Nikasubiri, nikamaliza kikombe chote, nikajaribu tena zote mbili. Bado zilikuwa zinatumika.